Nimeambiwa gari la sinema halishuki bei. Ni kweli?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, nina miaka 38, naishi Houston, Texas, huu mwaka wa kumi na moja. Naendesha lori la masafa marefu. Tangu nilipoliona lile Charger jeusi la The Fast and the Furious katika kibanda cha video kule nyumbani, nimekuwa na ndoto moja tu. Sasa nimepata Dodge Charger la mwaka 1969, rangi ya machungwa, namba 01 mlangoni na bendera juu ya paa, kama lile la tamthilia ya The Dukes of Hazzard, ambayo mimi sijawahi kuitazama. Muuzaji anataka dola 72,000. Anasema ni R/T halisi, lile toleo la nguvu, yenye injini ya 440, na kwamba gari la sinema haliwezi kushuka bei, kwa hiyo nilichukulie kama akiba. Ameniambia pia nisiiguse ile bendera, nitaharibu thamani. Namba ya chesisi inaanza XP29F9B. Mke wangu anasema tunajitia shimoni. Niko tayari kutoa karibu akiba yetu yote, na baadaye nilipeleke Mombasa. Nifanyeje?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia sahihi, na umefanya vyema zaidi kuniandikia mwanzo wa namba ya chesisi, maana nusu ya jibu lako imo mle. Nitaifikia. Kwanza tukubaliane kuhusu wasiwasi wenyewe. Huulizi kama Charger ni gari zuri; hilo ulishalijibu ukiwa kibandani. Unauliza kama mapenzi ambayo sinema imewatia watu kwa gari fulani ni kitu cha kuwekea akiba ya nyumba. Shemeji anauliza hilohilo, ila kwa maneno machache.

Jibu fupi: hapana, si kwa gari hili na si kwa bei hii. Jibu refu ndilo lenye faida, kwa sababu sitaki uiache ndoto yako. Nataka uinunue kwa bei yake.

Anaposema "gari la sinema", muuzaji anachanganya mambo matatu. Kuna gari lenyewe lililosimama mbele ya kamera. Kuna ndugu zake, yaani modeli ileile iliyotoka kiwandani bila habari yoyote ya sinema. Halafu kuna nakala, gari la kawaida ambalo mtu amelipaka rangi na kulichora ili lifanane na lile la kwenye kioo. Sinema huyagusa yote matatu, lakini haiyagusi sawasawa, na wewe unauziwa la tatu kwa sifa za la kwanza.

Tazama lile la kwanza linavyokuwa. Mwaka 1968 ilitoka filamu ya Bullitt, ambamo Steve McQueen anafukuzana na wauaji kwenye vilima vya San Francisco kwa karibu dakika kumi na moja, yeye akiwa ndani ya Ford Mustang la kijani. Wale wauaji, kwa taarifa yako, walikuwa ndani ya Charger jeusi la 1968. Sifa ya gari unalolipenda ilianza likiwa upande wa wabaya. Yalitumika Mustang mawili. Moja lilinunuliwa mwaka 1974 na familia ya kawaida kwa dola 6,000, wakalitumia kwa shughuli za nyumbani hadi klachi ikaisha, kisha wakaliegesha kwa miaka mingi. McQueen mwenyewe aliandika barua mwaka 1977 akitaka kulinunua, hakulipata. Januari 2020 lilipigwa mnada Kissimmee, Florida, na nyundo ikaanguka kwenye dola milioni 3.4. Halikuwa limepakwa rangi upya wala kung'arishwa. Lilikuwa na kutu, mikwaruzo, na vyuma vilivyochomelewa chini kwa ajili ya kufungia kamera. Vyuma hivyo, namba yake ya chesisi na barua ile ndivyo vilivyolipiwa. Mtu mwingine aliyepaka Mustang lake kijani kilekile hawezi kuomba hata sehemu ndogo ya bei hiyo, kwa sababu kijani kila mtu anaweza kukinunua dukani.

Gari unalotaka kununua halina ushahidi wa namna hiyo, wala muuzaji hadai kuwa nao. Kwa hiyo tuliweke kando jambo la kwanza, tuje kwa wale ndugu.

Je, sinema huuza magari? Huuza, lakini si kwa njia tunayodhani. Mfano bora ninaoujua ni Pontiac Firebird Trans Am, lile jeusi lenye ndege wa dhahabu kwenye boneti, ambalo Burt Reynolds aliliendesha katika Smokey and the Bandit, filamu iliyotoka mwaka 1977. Pontiac waliuza Trans Am takriban 68,700 za mwaka huo, za 1978 zikafika 93,300, na za 1979 zikapita 117,000. Ukiishia hapo utasema sinema imefanya maajabu, na wauzaji wengi huishia hapo. Rudi nyuma kidogo. Za mwaka 1975 zilikuwa takriban 27,000, na za 1976 takriban 46,700. Yaani mauzo yalikuwa yakipanda kwa kasi kabla hata filamu haijaonyeshwa, kwa sababu wapinzani walikuwa wamekimbia uwanja: Dodge Challenger na Plymouth Barracuda ziliachwa mwaka 1974, na Chevrolet nao waliisimamisha Camaro Z28 kwa muda. Kijana aliyetaka gari la nguvu alikuwa amebakiwa na Pontiac tu. Sinema ilimwaga petroli, lakini kuni zilikuwa zimeshashika moto.

Halafu tazama kilichofuata, maana ndicho kinachokuhusu wewe mwenye akiba. Mwaka 1979 mafuta yakapanda bei tena, Pontiac wakaondoa injini zao kubwa, na Trans Am za 1980 zikashuka hadi takriban 50,900. Filamu ya pili ikatoka Agosti 1980, Reynolds yuleyule, Trans Am jipya. Za mwaka 1981 zikashuka tena, takriban 33,500. Sinema haikuwa na uwezo wa kulibeba gari ambalo pampu ya mafuta ilikuwa ikilivuta chini.

Sasa tuje kwa Charger. Wamarekani huyaita haya magari ya misuli: bodi ya milango miwili ya ukubwa wa kati, injini kubwa kupita kiasi, bei ambayo kijana wa kiwandani angeweza kuimudu. Dodge walilichora upya mwaka 1968, kiuno kimebanwa, taa za mbele zimefichwa nyuma ya grili, wakauza takriban 96,000 mwaka wa kwanza na 89,000 hivi mwaka uliofuata. Baada ya hapo bima ilipanda, sheria za moshi zikakaza, mafuta yakaadimika mwaka 1973, na magari haya yakawa mzigo. Kufikia Novemba 1978, kamera za The Dukes of Hazzard zilipowashwa kule Georgia, Charger la 1969 lilikuwa gari kuukuu la miaka tisa lililojaa yadi za mitumba. Na hapa ndipo pa kushangaza: lilichaguliwa kwa sababu lilipendeza, ndiyo, lakini lingekuwa ghali lisingechaguliwa. Huwezi kurusha kwenye mtaro kila wiki gari ambalo watu wanalilinda.

Nao walirusha kwelikweli. Tarehe 11 Novemba 1978, kwenye uwanja wa Chuo cha Oxford, Georgia, lile la kwanza liliruka umbali wa futi 82, likipanda futi 16 juu ya gari la polisi. Walikuwa wameweka uzito ndani ya buti, kwa sababu injini ya Charger ni nzito na bila hivyo pua ingeingia ardhini kama jembe. Hata hivyo lilitua likakunjamana, likawa halifai tena. Kila mruko ulikula gari. Tamthilia ilipoisha mwaka 1985 walikuwa wametumia Charger zinazokadiriwa kufika 300. Yalianza kuwaadimikia: wakachukua za 1968 wakazibadilisha grili na taa za nyuma zifanane na za 1969, na mwishoni wakarusha vigari vidogo vya mfano.

Muuzaji wako akikuambia kwamba "sinema iliyamaliza", mwambie mia tatu kati ya themanini na tisa elfu ni tone. Kutu, ajali na mashine za kusaga vyuma ndizo zilizoyamaliza. Tamthilia iliongeza wapenzi. Kwa miaka saba, kila wiki, lilikuwa sebuleni mwa kila nyumba ya Marekani. Watoto walililaza kitandani, nalo ni kigari cha bati cha kiasi cha kiganja. Filamu moja humkuta mtoto mara moja, labda mbili. Tamthilia humlea.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na ningeomba umsomee shemeji sehemu hii. Sinema haipandishi bei ya gari wakati ule inapoonyeshwa. Inampandia mtu mbegu akiwa na miaka minane au kumi na tano, halafu mbegu inalala. Mtu huyo anakua, anasoma, analipa kodi ya nyumba, anazaa, anasomesha. Akifika miaka arobaini na ushei watoto wameanza kujitegemea, pesa kidogo imebaki, na siku moja anaona tangazo. Bei ya gari la sinema ni hesabu ya watu wa namna hiyo wangapi wako sokoni kwa wakati mmoja. Wakiingia pamoja, bei hupaa. Wakianza kuuguza magoti, wakihamia nyumba ndogo zisizo na gereji, wakifariki na watoto wao kuuza vitu vya baba, bei hulegea. Mbegu haimhamii mtu ambaye hakuiona sinema.

Aliyeitazama The Dukes of Hazzard akiwa na miaka minane mwaka 1980 sasa amevuka hamsini. Kundi lake limeshanunua sehemu kubwa ya walichotaka kununua. Wewe hukuitazama kabisa. Kwa hiyo swali ninalomuuliza kila anayeniletea gari la namna hii ni hili: unanunua kumbukumbu ya nani? Mbegu yako ni ya 2001, Charger jeusi la 1970 la Dominic Toretto, yule wa The Fast and the Furious. Unataka kulipa akiba yako kwa utoto wa Mmarekani mwingine, kwa sababu tu bodi zinafanana. Miaka kumi ijayo utakapotaka kuuza, utamtafuta mtu anayeililia rangi ya machungwa na namba 01, na watu hao watakuwa wachache na wazee kuliko leo. Maoni yangu, na ni maoni tu, ni kwamba kundi lenu nyinyi mliolelewa na lile jeusi ndilo linaloanza kuingia sokoni sasa, tena halikai Marekani peke yake. Lilikaa mpaka kwenye mabenchi ya Kisauni.

Na nguvu ya mbegu hiyo si ndogo, usinielewe vibaya. Chevrolet Impala la 1967 lenye milango minne lilikuwa gari ambalo wajuzi walilikata ili kupata spea za lile la milango miwili. Likaja Supernatural, tamthilia iliyoonyeshwa kuanzia 2005 hadi 2020, ndugu wawili ndani ya Impala jeusi la milango minne, na leo kuna watu wanaolitafuta hasa kwa sababu ya milango yake minne. Kasoro imegeuka sifa. Sinema inaweza kufanya hivyo. Isichoweza ni kukuhakikishia itadumu.

(Lile la Toretto, kwa kuwa najua utauliza: kile chuma kikubwa kilichochomoza kwenye boneti, kinachoonekana kama kinapulizia injini hewa, kilikuwa pambo. Hakikuwa kikipuliza chochote. Usije ukalipia dola elfu kadhaa ili upate ngurumo ambayo sehemu kubwa ilitiwa studio.)

Turudi kwenye namba yako. Namba ya chesisi ya Dodge ya mwaka huo ni kama cheti cha kuzaliwa, na kila herufi ina maana. Charger la R/T linaanza na XS29. La kwako linaanza na XP29, yaani Charger la kawaida. Herufi inayofuata ni injini, nazo huitwa kwa ujazo wake wa inchi: L ni 440 Magnum, J ni Hemi 426. Yako ni F, nayo ni injini ya 318, yenye nguvu za farasi 230, wakati 440 Magnum ilitoka na 375. Tarakimu 9 ni mwaka 1969, na B ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Kwa hiyo, kama hicho kibati cha juu ya dashibodi ni chake kweli, gari hili halijawahi kuwa R/T hata siku moja. Injini ya 440 iliyomo ndani imewekwa baadaye na mtu.

Sisemi ni gari baya. Charger la 318 lililotiwa 440 na fundi mzuri linaweza kuwa gari la raha kuliko R/T la makumbusho ambalo mwenyewe anaogopa kulitoa mvua ikinyesha. Lakini ni bidhaa nyingine, na dola 72,000 ni bei inayozungumza lugha ya R/T. Muuzaji ama hajui kusoma namba yake mwenyewe, ama anajua. Yote mawili yanakupa haki ya kusitisha mazungumzo hadi bei ishuke kwa maelfu mengi, au uondoke.

Kuhusu bendera nitasema wazi. Ile ni bendera ya vita ya majimbo ya kusini yaliyopigana kati ya 1861 na 1865 ili yaendelee kumiliki watumwa, na karne moja baadaye ilipeperushwa na waliopinga mtu mweusi kupewa haki sawa. Gari lenyewe katika tamthilia liliitwa General Lee, kwa jina la jemadari wa jeshi hilo. Juni 2015 mtu aliyejipiga picha na bendera hiyo aliwaua waumini tisa weusi kanisani Charleston. Baada ya hapo Warner Bros. wakaacha kutoa leseni za vigari vyenye bendera hiyo, na kituo cha TV Land kikaiondoa tamthilia hewani. Lile gari la kwanza kabisa, lililoruka futi 82, lilikuwa limeokotwa kwenye yadi ya magari mabovu, likatengenezwa, na mwaka 2012 mcheza gofu Bubba Watson akalinunua kwa dola 110,000. Mwaka 2015 yeye mwenyewe akatangaza kwamba ataifuta bendera ile. Kama mwenye gari la kwanza, lenye ushahidi wote, aliona hivyo, nakala yako haina thamani yoyote ya kulinda juu ya paa. Ukilinunua, ing'oe siku hiyohiyo. Mtoto wa Mombasa, jirani wa Fort Jesus na historia ya watumwa ya pwani yetu, haendi dukani Houston na alama hiyo kichwani kwa sababu muuzaji kasema inaongeza bei. Hapo ndipo unapoona pia hatari ya kununua gari lililofungwa kwenye hadithi moja: hadithi ikinajisika, gari linanajisika nayo, hata kama vyuma vyake havina kosa.

La Mombasa nitalipitia haraka kwa sababu jibu lake ni baya. Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililozidi miaka minane, na gari la usukani wa kushoto halisajiliwi isipokuwa kwa kazi maalumu kama za dharura. Charger lako lina zaidi ya nusu karne na usukani wake uko kushoto. Kabla ya kumlipa wakala yeyote anayekuahidi "njia", waulize KRA (mamlaka ya mapato) na KEBS (shirika la viwango) wenyewe kwa maandishi. Mimi ningelihesabu kuwa gari la kubaki Texas.

Sasa hesabu ya akiba. Watu hutazama bei zinazotangazwa, nazo si bei. Mwaka 2007 mtu alilitangaza Charger la machungwa kwenye mnada wa mtandaoni, dau likafika dola milioni 9.9, magazeti yakaandika, na mshindi hakulipa. Tazama magari yaliyokwisha kuuzwa na kulipiwa, yenye namba ya chesisi inayofanana na yako, na ulinganishe na vitabu vya bei kama cha Hagerty, ambacho hupanga kila modeli kwa hali nne, kutoka lile la maonyesho hadi lile la kuchechemea. Kisha toa gharama. Kwenye minada mikubwa mnunuzi hutozwa asilimia 10 hivi juu ya dau, na muuzaji naye hukatwa yake. Ongeza bima, mahali pa kuliweka penye kivuli na pasipofika maji, matairi yanayozeeka hata gari likisimama, mpira wa breki, kabureta inayoziba. Ili uambulie tu ulichotoa, gari linapaswa kupanda bei kwa kiasi kisicho kidogo. Na siku mtoto akilazwa hospitali, huwezi kukata kipande cha mlango ukakipeleka benki. Kwa hiyo nakubaliana na shemeji kabisa katika hili: pesa ya gari la namna hii iwe ile ambayo, ikikwama miaka mitano, nyumbani hakuna atakayelala njaa. Kama akiba yenu yote ndiyo hiyo 72,000, basi bajeti yako ya Charger si 72,000.

Una njia tatu. Ya kwanza, ulinunue hilihili kama Charger la 318 lililobadilishwa, kwa bei ya gari la aina hiyo, ulipake jeusi, ufurahi nalo. Ya pili, usubiri, uweke kidogo kidogo, utafute la 1970 unalolipenda kweli. Litakuwa adimu zaidi, kwani za mwaka huo zilitengenezwa takriban 50,000 tu. Ya tatu ni Charger jipya la milango minne, lililorudi sokoni kama modeli ya 2006 na kuendelea kutengenezwa hadi Desemba 2023. Breki zinashika, kiyoyozi kinafanya kazi, na unaweza kulipeleka kazini. Moyo wangu uko kwa ya pili, lakini mimi sina lori la kuendesha wala watoto wadogo.

Ukichagua ya kwanza, usilipe kabla ya mkaguzi wa kujitegemea aliyezoea Dodge za zamani kulipandisha kwenye lifti. Mlipe wewe, asiwe rafiki wa muuzaji. Nikwambie kwa nini. Niliwahi kuitwa kukagua Charger la rangi hiyohiyo, linang'aa hadi unajiona. Nilipitisha sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa, kuanzia mlangoni kuelekea nyuma. Mlangoni ilishika. Ikashika hadi mwanzo wa tairi la nyuma, halafu ikateleza ikaanguka chini, kwa sababu kuanzia pale hakukuwa na bati, palijazwa bodifila ya unene wa kidole. Nikafungua buti, nikainua kapeti. Charger hizi kioo chake cha nyuma kimezama ndani, maji hukaa kwenye kona zake za chini, yanakula bati na kudondokea kwenye buti. Niliweka mkono chini nikaona lami ya uwanja kupitia tundu. Milango nayo ilikuwa imechomelewa isifunguke, kama kwenye tamthilia, na mwenye gari aliniambia kwa fahari kwamba hiyo ndiyo iliyomvutia. Kuikata na kuirudisha kulikuwa kazi ya wiki kadhaa za fundi bodi.

Mkaguzi akague sehemu hizo, chesisi karibu na springi za nyuma, na namba. Sehemu ya namba ya chesisi hupigwa pia kwenye bati la kushikilia rejeta na kwenye ukingo wa buti. Zote zifanane na ile ya dashibodi. Zisipofanana, hapo si suala la fundi tena, ni la mwanasheria na ofisi ya hati za magari, na wewe usitoe senti. Usitegemee ripoti za historia za mtandaoni, kwani zinasoma namba za tarakimu 17 zilizoanza mwaka 1981, na la kwako lina namba fupi ya zamani. Kwa gari la Houston muulize mwenyewe lilikuwa wapi Agosti 2017 mafuriko ya Harvey yalipoingia mjini, kisha umwombe mkaguzi atafute mchanga ndani ya milango na nyuma ya dashibodi bila kujali jibu alilokupa. Na ukilinunua, chukua bima ya thamani iliyokubaliwa, ile ambayo wewe na kampuni mnaandika kiasi tangu mwanzo, maana bima ya kawaida italihesabu kuwa gari la zaidi ya miaka hamsini lisilo na thamani.

Kabla ya yote hayo, fanya jambo moja ambalo halina gharama. Mwambie muuzaji afungue boneti akupigie picha kibati kidogo kilichofungwa kwenye bodi ya ndani, upande wa dereva. Kina mistari ya herufi na tarakimu zinazosema gari lilitoka na injini gani, rangi gani na gia boksi gani. Akikwambia kimepotea, hilo nalo ni jibu. Akikutumia, niletee picha hiyo nikusomee mstari kwa mstari, na shemeji awepo.